Mimea Isiyomdhuru Mkaguzi

Fundi miwani hakuiua mimea ya mke wake kwa kukusudia. Aliipita tu. Kila asubuhi aliipita akienda kufungua kibanda chake, kila jioni akaipita akirudi, na katika kuipita huko miezi mitano ikakatika. Mimea ikakauka mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule wa dirishani mpaka ule wa juu ya kabati la vyombo. Angeulizwa kama aliiona ikikauka angejibu kwamba ndiyo, aliiona. Macho yake hayakuwa na kasoro. Huyu ni mtu wa kuona ufa mwembamba kuliko unywele kwenye kioo cha miwani, akauonyesha kwa ncha ya sindano huku mteja akikodoa macho na asione kitu. Tatizo halikuwa kuona.

Mke wake alifariki kwa ugonjwa wa muda mfupi, Jumatatu homa, Ijumaa msiba. Watu walikuja, wakalia, wakamshika bega, wakaondoka. Yeye hakulia. Wakamsifu kwamba mzee amejikaza kweli, na wala hakuwa amejikaza. Alikingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya, kikagoma kuja, basi akaenda zake kuoga. Tangu hapo kila kitu kikawa kinamfikia kutoka mbali: njaa, baridi, salamu za watu, utani wa wateja. Alikula kwa sababu saa ya kula ilifika. Alicheka pale wenzake walipocheka, akachelewa kidogo.

Aliyebaki naye nyumbani ni paka, jike la kijivu lenye tumbo la kuning'inia, ambaye jina lake lilikuwa Mkaguzi. Alilipata kihalali. Hapakuwa na mfuko ulioingia nyumba ile asiutie pua, wala kabati lililofunguliwa asiingie kuhakikisha. Alikuwa paka wa mke, si wa mume. Yeye na fundi waliishi miaka tisa kwa heshima ya wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na njia yake, bila ugomvi na bila mazoea.

Mkaguzi alikuwa na tabia moja mbaya, kutafuna majani. Marehemu aliijua tabia hiyo, akawa anachagua mimea yake kwa kumfikiria paka kwanza: iwe na rangi ya kuichangamsha nyumba, lakini isiwe na sumu. Ipi inafaa na ipi haifai, hilo aliliweka kichwani mwake, hakuliandika popote, akaondoka nalo. Mimea ilipokauka Mkaguzi aliendelea kuitafuna vilevile, majani makavu, na akawa anatapika.

Ndivyo alivyowakuta binti yake fundi alipokuja kuwatazama. Binti huyu alikuwa mtoto wake wa pekee na pia mwalimu wa shule ya msingi, na kati ya vyeo hivyo viwili, cha pili ndicho kilichokuwa na nguvu. Alikaa mji mwingine, safari ya saa tatu. Alisimama katikati ya sebule na mkoba wake bado begani.

"Baba, hivi unakaa humu kweli?"

"Nakaa."

"Mbona kama stoo ya mtu aliyehama?"

Aligusa mmea wa dirishani, kijiti kikakatika na kubaki mkononi mwake. Alifuta matapishi ya paka kwenye kochi. Kisha akamnyanyua Mkaguzi, akampapasa mbavu, na uso wake ukabadilika.

"Huyu amekonda."

"Anakula."

"Anakula nini? Vijiti?" Alimshusha paka taratibu. "Sikiliza, baba. Nakupa wiki mbili. Nikirudi Jumamosi ile ya pili, nataka nikute humu ndani kuna kitu kilicho hai, chenye rangi, kama alivyokuwa akiweka mama. Na kiwe kitu ambacho Mkaguzi akikitafuna hadhuriki. Sitaki makubwa. Ukishindwa hilo, namchukua. Siwezi kumwacha mnyama kwa mtu ambaye hana habari naye."

Fundi alisema amesikia. Alisema vile ambavyo wanafunzi wa binti yake husema, na binti akamtazama vile anavyowatazama wao.

Binti alipoondoka, fundi alikaa kitandani. Mkaguzi alikuwa amelala upande wa marehemu, mahali pake pa kila siku. Fundi hakumpenda paka huyu kiasi cha kuona fahari. Lakini alijua jambo moja waziwazi, na ndilo jambo pekee alilolijua waziwazi tangu msiba. Mkaguzi akiondoka, hatabaki mwingine ndani ya nyumba ile aliyeishi na mwanamke yule, aliyejua sauti yake na saa zake za kuamka. Angebaki yeye peke yake, na yeye mwenyewe hakuwa akijiamini. Hakutaka paka achukuliwe. Hilo alilitaka, kama bado kuna kitu alichoweza kukitaka.

Wiki ya kwanza ilipita bila yeye kufanya lolote. Jumatatu ya wiki ya pili, miguu yake ilimpeleka kwa Mama Miche.

Mama Miche alikuwa na bustani ya kuuza mimea kando ya barabara, chini ya wavu mweusi wa kuzuia jua. Alivaa gambuti mwaka mzima, kiangazi na masika, na miwani ambayo mkono wake mmoja fundi aliubadilisha mara tatu kwa sababu mwenye nayo aliilalia. Majina ya kitaalamu ya mimea hakuwa na muda nayo. Aliibatiza mwenyewe kwa tabia zake, akaizungumzia kama watu wa ukoo ambao hawakosi visa.

"Fundi, karibu. Leo umekuja kunitengenezea miwani au umekuja kununua?"

"Nataka mimea ya ndani. Yenye rangi. Isiyo na sumu kwa paka."

Mama Miche aliweka chini kopo la kumwagilia. "Kwa Mkaguzi?"

"Kwa Mkaguzi."

"Basi umefika. Unaona hizi tepe za kijani?" Alionyesha. Katika safu za vyungu vya plastiki, kimoja hapa na kimoja pale kilikuwa kimefungwa utepe mwembamba wa kijani shingoni. "Hii ni kazi ya mkeo. Alikuwa haji hapa bila kunihoji. Huu unamdhuru paka? Na ule je? Na mbwa akiula? Mpaka nikachoka, nikamwambia, bibi wee, ngoja nikuwekee alama ukija usinisumbue. Kila chenye utepe, mnyama akitafuna hana neno. Wateja wengine nao wakaipenda. Sasa hivi kuna watu wananijia kwa ajili ya utepe tu."

Fundi alisema hakujua hilo. Alingoja limguse. Halikumgusa.

Wakaanza kuchagua. Kibandani kwake ni yeye anayemwekea mteja vioo mbele ya jicho na kuuliza, hiki au hiki, na leo alikuwa upande wa pili, akiulizwa huu au huu, na jibu hana. Mama Miche alimpa Madoadoa, kimmea kifupi chenye majani ya kijani yaliyonyunyiziwa rangi ya waridi. Akampa Msinzia, mwenye mishipa myekundu kwenye majani, ambaye jua likizama huyakunja na kuyasimamisha. "Huyu usimshangae, ana usingizi wa mapema kama mjomba wangu." Akampa na Taji, lenye ua jekundu katikati na kikombe cha majani cha kuwekewa maji. "Hili mkeo alikuwa nalo. Maji mtilie hapa kati, usimzamishe mizizi." Yote ilikuwa na utepe.

Hapo likaja gari la mizigo, na mtu akashuka akitaka miche hamsini ya ua wa nyumba, haraka, dereva anangoja. Mama Miche akaenda kumhesabia. Fundi alibaki peke yake kati ya vyungu, na ndipo alipouona ule wa nne.

Ulikuwa na majani mapana yaliyochongoka mwishoni, waridi katikati, kijani ukingoni, mishipa imepita ndani yake myekundu. Jua lililopenya kwenye wavu lililipita jani, na jani likawa na mwanga wake. Fundi aliinama. Alilitazama jani lile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote tangu msiba, na kifuani kwake kikapita kitu, kidogo sana, karibu hisia. Hakikukaa.

"Na huu, mama?" aliita.

Mama Miche hakugeuka, alikuwa kwenye ishirini na saba na hakutaka kupoteza hesabu. "Una utepe?"

"Unao."

"Basi beba."

Akabeba. Haki ya Mungu aliona. Utepe ulikuwa mzee, umepauka, tope limekaukia kwenye fundo, ilhali udongo ndani ya chungu ulikuwa mpya, mweusi, bado haujashikana. Kwenye miwani, kioo kipya ndani ya fremu kuukuu kingemfanya aulize maswali. Hapa hakuuliza. Aliona na akapita.

Nyumbani aliipanga mimea minne, Taji dirishani, Msinzia karibu na redio, Madoadoa mezani, na ule wa majani ya waridi juu ya kabati la vyombo. Mkaguzi alikizungukia kila chungu, akanusa ukingo hadi ukingo, akapiga chafya mbele ya Taji, akaenda kulala. Ukaguzi ulikuwa umepita. Fundi alikaa akaitazama sebule yake, akakubali kwamba imebadilika, imekuwa nyumba. Akalitambua hilo kama mtu anavyotambua kwamba leo ni Jumatatu.

Jumatano mchana alirudi nyumbani kula, kama kawaida yake. Alikula, akajimiminia chai, akakaa. Mkaguzi alikuwa juu ya kabati, analitafuna lile jani la waridi. Fundi akamwona, akaona vyema, walau leo anakula kitu kibichi.

Kisha Mkaguzi akaruka chini. Akatikisa kichwa mara moja, mara mbili, akaanza kujikwangua mdomo kwa mguu wa mbele. Ute ukamtoka mdomoni, ukawa mzito, ukawa povu. Akarudi kinyumenyume hadi ukutani, anakwangua. Alijaribu kulia, sauti ikatoka imekwaruzwa, halafu haikutoka tena.

Fundi aliyaona yote hayo. Ni lazima lisemwe kama lilivyokuwa: aliyaona akiwa amekaa kwenye kiti, mkono uko kando ya kikombe, na hakuinuka. Hakuwa na usingizi. Hakuwa mgonjwa. Kichwani mwake maneno yalipita kwa mpangilio mzuri kabisa, kwamba paka anatokwa na povu, kwamba ni ule mmea, kwamba inafaa mtu ainuke. Mtu huyo alikuwa nani, hapo ndipo mpangilio ulipokatikia. Mkaguzi aliinama, akameza kwa shida, akainama tena. Saa ya ukutani ilifanya kazi yake.

Baadaye paka alijikokota mpaka miguuni pake. Hakumparamia, hakumsugulia kichwa. Alikaa mbele ya viatu vyake na kumwangalia, mdomo wazi, ulimi umevimba, povu linamdondokea kifuani. Fundi akashika kikombe ili apate la kufanya kwa mkono, na kikombe kilikuwa cha baridi. Chai ilikuwa imefunga utando. Aliutazama utando ule akahesabu, na hesabu ikamwambia kwamba amekaa pale si chini ya nusu saa.

Ndipo akainuka. Alimfunga Mkaguzi kwenye taulo, akachuma lile jani lililotafunwa akalitia mfukoni mwa shati, na akatoka bila kufunga mlango. Barabarani alitembea haraka, kisha akakimbia, mzee mzima na paka kwapani, watu wakimpisha.

Daktari wa mifugo alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake imejaa makovu ya kucha. Alilitazama jani, akalitupa.

"Huu utomvu wake una vijisindano visivyoonekana kwa macho. Vinachoma ulimi na koo. Mara nyingi hauui, ila koo likivimba sana hewa haipiti." Alikuwa tayari anamwosha Mkaguzi mdomo kwa maji ya bomba la sindano lililotolewa sindano yake. "Imeanza saa ngapi?"

"Sasa hivi," alisema fundi.

Daktari alimchoma paka sindano, akamtegea sikio kifuani, akangoja. Pumzi ikaanza kutulia. Halafu akachukua pamba yenye maji kumpangusa, na manyoya ya kifuani yalikuwa magumu. Povu lilikuwa limekauka, likakamata manyoya, likakauka tena juu yake. Daktari aliyatazama manyoya. Fundi naye aliyatazama. Wote wawili walikuwa watu wa kuona vitu vidogo. Daktari akalowesha pamba nyingine na kuendelea kupangusa.

"Atapona," alisema. "Siku mbili tatu mpe vyakula laini."

Hakusema zaidi, na fundi angependa aseme.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alimrudishia Mama Miche mmea wake. Aliuweka chini mbele ya zile gambuti na kueleza kilichotokea, akiishia kwenye habari ya jani. Mama Miche aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huu sikukupa mimi."

"Ulikuwa na utepe."

Aligeuza chungu. Aliushika utepe kwenye fundo, akatia kidole udongoni, na fundi akamwona anavyokumbuka.

"Chungu hiki kilikuwa cha Msinzia," alisema polepole. "Nilimhamisha Jumapili, alikuwa amekua. Nikapanda huu humu. Utepe…" Alisita. "Utepe naufunga kwenye chungu, fundi. Miaka yote hii naufunga kwenye chungu. Mmea unahama, utepe unabaki."

Alikaa juu ya gunia la samadi, akaweka mikono yote miwili usoni, na akalia, mwanamke mkubwa mwenye bustani yake, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakichagua na ambao sasa walisimama na vyungu mikononi.

"Yu hai," alisema fundi. "Ameanza kula."

"Paka wa yule mama. Yeye aliyenifanya niweke hizo alama. Ningemwambia nini mimi?"

"Sawa tu."

"Usiniambie sawa. Nitukane. Bora unitukane."

Fundi alitafuta tusi. Alitafuta kwa nia njema, kwa sababu mwenzake alikuwa amemwomba, na hakupata hata moja. Mama Miche aliinuka akiwa bado analia, akaanza kufungua tepe, chungu baada ya chungu, na kuzifunga kwenye shina, wateja wakingoja. Kwenye kila mmea alisimama, akautazama usoni, kisha ndipo akafunga. Fundi alisimama pale akimwangalia, na akamwonea wivu. Hilo lilimshtua. Mama huyu hakuwahi kulala chumba kimoja na Mkaguzi, hakuwahi kumfungulia mlango asubuhi, na alikuwa akimlilia. Yeye, fundi, alikuwa nyumbani siku ile. Yeye alikuwa amekaa na chai.

Aliondoka na mmea mwingine mkononi, okidi yenye maua ya zambarau, utepe umefungwa kwenye shina.

Jumamosi binti alifika saa nne. Fundi alikuwa amefagia, amefua mapazia, amefungua madirisha. Mwalimu alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake akakosa la kukosoa. Aliingia taratibu. Alitoa simu, akaanza kupita mmea mmoja mmoja, anaupiga picha, anatafuta jina lake, anasoma, anatikisa kichwa kukubali, kama anayesahihisha madaftari ya darasa lililomshangaza. Mkaguzi alikuwa dirishani, ulimi umerudi ukubwa wake. Alipofika kwa Taji, binti alizima simu.

"Mama alikuwa nalo hili."

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Alijifuta macho kwa kiganja. "Baba, umejitahidi. Kusema kweli sikutegemea. Nilikuja na kikapu cha kumbebea, kipo hapo nje, nilikuwa na uhakika." Akacheka kidogo kwa aibu. "Basi. Mkaguzi anabaki. Nimeridhika."

Fundi alikuwa ameshinda. Daktari asingesema, na Mama Miche alijua habari ya mmea tu. Ilibaki yeye kunyamaza, na kunyamaza ndiko alikokuweza kuliko yote.

"Mchukue," alisema.

"Nani?"

"Mkaguzi. Ondoka naye leo."

Binti alidhani anatania, kisha akaona hatanii. "Kwa nini?"

"Jumatano alitafuna mmea wenye sumu. Niliuleta mimi, kwa makosa, ikabidi nimpeleke kwa daktari."

"Baba, makosa ni makosa. Si yuko hai? Si ulimpeleka kwa daktari?"

"Niache nimalize." Alikuwa amesimama, mikono inaning'inia. "Nilimwona. Nilikuwa nimekaa pale, kwenye kiti kile. Alikuwa anatokwa na povu, anajikwangua mdomo, na mimi namwangalia. Nilikuwa nimemimina chai ya moto. Nilipoinuka ilikuwa imepoa kabisa."

"Ulikuwa umeshtuka."

"Sikushtuka. Ningeshtuka ningeinuka. Niliona, nikakaa. Daktari nilimdanganya, nikamwambia sasa hivi. Wewe sitaki kukudanganya. Siku nyingine huenda nisiinuke, mwanangu. Mchukue akiwa mzima."

 Binti aliketi kwenye mkono wa kochi. Alimtazama baba yake, na safari hii hakumtazama kama anavyowatazama wanafunzi.

"Tangu lini uko hivi?"

"Tangu mama yako."

"Kila jioni nakupigia simu. Kila jioni unaniambia uko salama."

"Nilikuwa salama. Hapakuwa na kitu kinachouma."

Binti aliinuka, akaenda chumbani. Fundi alisikia droo ikifunguliwa, ikafungwa, nyingine ikafunguliwa. Akadhani anatafuta taulo la kumfungia paka, akataka kumwambia liko kwenye kamba. Binti alirudi na begi lile kubwa la safari, na ndani yake fundi akaona shati lake la kijivu, sweta yake, dawa zake za presha.

"Vaa viatu, baba."

"Mimi?"

"Nitampakia Mkaguzi. Wewe vaa viatu."

"Na kibanda? Nina miwani za watu watatu pale, nimewaahidi…"

"Utawapigia simu tukiwa njiani. Vaa viatu."

Alikaa kwenye kiti kilekile, akavuta viatu. Aliingiza mguu, akashika kamba, na kamba zikamkataa. Alizishika upya. Zikamkataa tena. Binti aliona. Aliweka begi chini, akapiga magoti sakafuni, akamwondoa mikono kwenye kiatu na kuanza kumfungia mwenyewe, kwa haraka, kama anavyowafungia watoto hamsini kila siku. Fundi aliona utosi wake chini yake, na nywele mbili tatu za mvi ambazo hakujua kwamba mtoto wake anazo.

"Inauma," alisema.

Binti aliinua uso. "Nimekaza sana?"

"Si kiatu."

"Wapi?"

"Sijui ni wapi." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, na machozi yalikuwa yameshaanza, bila kupiga hodi, yakimdondokea binti mikononi. "Lakini inauma, mwanangu. Inauma sana."

Binti hakumwambia ajikaze. Alifunga na kile kiatu cha pili, kisha akabaki palepale chini, ameshika miguu yake yote miwili, mpaka alipoona baba yake anaweza kusimama.